Mgodi Umefungwa, Nyasi Zimeota: Je, Ardhi Imepona?

Barua za safari hii zimetoka Kanda ya Ziwa, Arusha, Kwale, Dodoma na Lubumbashi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: eneo lililochimbwa, likasawazishwa na kupandwa, tutajuaje kwamba limerudi kuwa ardhi? Tumejibu kwa vipimo. Mtu anayepita barabarani huona rangi tu, na rangi imewaponza wengi.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, Kanda ya Ziwa. Kilima cha magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi, kilisawazishwa na kupandwa nyasi miaka mitatu iliyopita. Tumeletewa picha ya droni ya mwezi Januari, tukaambiwa asilimia 95 imefunikwa. Sisi tukipita kule Septemba tunakuta vumbi. Nani mkweli? Na sisi tusio na droni tunaweza kupima wenyewe?

JIBU: Ndugu mjumbe, picha na macho yenu vyote vinaweza kuwa sahihi. Januari mvua imekolea, na kwenye udongo uliovurugwa kitu cha kwanza kuota ni magugu ya msimu mmoja: kishona nguo, gugu karoti, na nyasi laini zinazotoa mbegu na kufa mapema. Ukitazama kutoka angani, yote hayo ni kijani. Kiangazi yanakauka, upepo unayabeba, na mvua ya kwanza ya Oktoba inaukuta udongo uko uchi. Mvua hiyo ya kwanza ndiyo inayochimba makorongo. Kwa hiyo swali lenu liwe hili: ardhi imefunikwa kiasi gani na mimea ya kudumu, na je, kifuniko hicho kinavuka kiangazi?

Kupima mnaweza. Tafuteni tepu ya mita 50, vigingi viwili, spoku moja ya baiskeli iliyonyooka na yenye ncha kali, na daftari. Mtandike tepu chini, iwe imekaza. Mmoja wenu atembee upande mmoja tu wa tepu, asikanyage ule mwingine. Kila nusu mita ateremshe spoku wima upande usiokanyagwa na kutaja kitu cha kwanza ambacho ncha imegusa. Mwenzake aandike herufi moja. K ni nyasi ya kudumu, M gugu la msimu, T mti au kichaka, J majani makavu yaliyolala chini, W jiwe, U udongo mtupu. Mkianza nusu mita na kuishia mita 50 mtakuwa na nukta 100, kwa hiyo hesabu ya kila herufi ndiyo asilimia yake. K 41, M 30, T 3, J 12, W 6, U 8: hapo aliyepiga picha Januari ataona eneo limefunikwa zaidi ya asilimia 70, nanyi mtajua kwamba mimea itakayobaki Septemba ni 44 tu.

Makosa ya kawaida ni haya. La kwanza, kuchagua mahali pa kutandika tepu kwa jicho. Binadamu, hata mwenye nia njema, huvutwa na mahali pazuri au pabaya. Chorane ramani ya eneo, igawanyeni kwa miraba yenye namba, andikeni namba kwenye vipande vya karatasi, mchague bila kuangalia. La pili, kutandika tepu sambamba na mistari ya kupandia: mkiangukia kwenye mstari mtapata 90, mkiangukia katikati ya mistari mtapata 20. Ikatizeni mistari kwa mshazari. La tatu, kuinamisha spoku ili iguse jani. Ikishuka kwenye udongo mtupu sentimita moja kutoka kwenye shina la nyasi, huo ni udongo mtupu.

Mistari mingapi ya tepu? Anzeni na mitano ya majaribio. Tafuteni wastani na mkengeuko sanifu, yaani namba inayoonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Kikokotoo cha simu kinautoa. Zidisheni mkengeuko kwa 1.3, gawanyeni kwa moja ya kumi ya wastani, kisha jibu lizidisheni kwa lenyewe. Wastani ukiwa 60 na mkengeuko 15, mnapata 19.5 gawa kwa 6, yaani 3.25, na mraba wake ni karibu 10.6, basi mistari 11 haipungui. Idadi iamuliwe kabla ya kwenda shambani. Kuongeza mistari kidogo kidogo hadi jibu lipendeze ni kujidanganya.

Sasa, asilimia 60 ni nzuri au mbaya? Peke yake haisemi kitu. Lazima muwe na eneo la kulinganishia, nanyi wa Kanda ya Ziwa mna bahati ya kuwa na ngitili, yale malisho yanayotengwa na kufungwa mifugo isiingie kwa msimu. Chagueni ngitili yenye mteremko unaofanana, udongo wa aina moja na ule uliorudishwa, na matumizi yaleyale mliyoahidiwa. Kama mpango wa kufunga mgodi unasema malisho, msilinganishe na msitu. Kama unasema msitu wa asili, msilinganishe na malisho yaliyokwanguliwa na ng'ombe. Pimeni maeneo yote mawili katika wiki moja, mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei. Kisha rudieni Septemba. Tofauti ya vipimo hivyo viwili itawaeleza mambo mengi kuliko picha kumi za Januari.

SWALI: Niko chuo cha misitu, Arusha. Katika mafunzo kwa vitendo tulipewa taarifa ya eneo la mgodi yenye maneno "miti iliyopona ni asilimia 88". Tulipofika, miti mingi ilikuwa na kimo cha goti ingawa upandaji ulianza miaka minne kabla. Taarifa kama hiyo inakaguliwaje?

JIBU: Kwanza iulize taarifa: asilimia 88 ya nini? Mara nyingi kila mwaka mapengo huzibwa kwa miche mipya, na hesabu huanza upya bila kusemwa. Mti wa miezi mitano unahesabiwa sawa na wa miaka minne. Ndiyo maana kiwango cha kuaminika ni idadi ya miti hai kwa hekta pamoja na umri wake kwenye ardhi ile, wala si asilimia ya walionusurika.

Kata kamba ya mita 5.64. Funga upande mmoja kwenye kigingi, zunguka nayo: duara hilo ni mita za mraba 100. Hesabu miti hai ndani yake, zidisha kwa 100, unapata miti kwa hekta. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hekta inabeba miti 1,111, kwa hiyo duara moja litakuwa na miti 11 hivi. Miti ikiwa imetawanyika sana tumia kamba ya mita 11.28, yenye duara la mita za mraba 400, na uzidishe kwa 25. Mti ulio kwenye mpaka uhesabiwe ikiwa katikati ya shina lake iko ndani. Katika daftari tenga safu tatu: iliyopandwa mwanzo, iliyozibia pengo, na iliyojiotea yenyewe. Safu ya tatu ndiyo tunayoithamini kuliko zote. Mche wa mgunga au mkwaju ulioota bila mtu kuuweka ni ushahidi kwamba mbegu imefika, imekuta unyevu, na imevumilia kiangazi bila ndoo ya maji.

Kuwa macho na mlusina. Unaota haraka, unafunika, na unajaza miche chini yake kiasi kwamba safu ya tatu itakupa furaha ya uongo. Hesabu aina pia. Duara likiwa na miti 40 na yote ni mlusina, hapo una shamba la mti mmoja vamizi, na miti ya asili haitapata pa kuingilia.

Sasa hiyo miti ya kimo cha goti. Ng'oa mmoja uliokufa, uoshe mizizi kwenye ndoo, uitazame. Mzizi mkuu ukiwa umejiviringa kama chemchemi ya kalamu, kosa lilikuwa kitaluni: mche ulikaa mno kwenye mfuko wa plastiki. Lakini ukikuta mzizi umeshuka vizuri sentimita 15 au 20, halafu umepinda ghafla kama kiwiko na kwenda ubavuni, umegonga ardhi iliyoshindiliwa na malori. Hili la pili ndilo tunalolishuku kwenye eneo lililosawazishwa kwa mitambo mizito.

Lithibitishe. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 8 na urefu wa sentimita 8. Chimba hadi kina mzizi ulipopindia, kigongelee bomba polepole hadi lijae, ulitoe, ukwangue ncha zote mbili ziwe sawa. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 402. Kausha udongo huo kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime. Ukipata gramu 680, gawa kwa 402: ni gramu 1.69 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa udongo wa kichanga mizizi inaanza kusumbuka karibu na 1.7, kwa udongo wa mfinyanzi inasumbuka hata kwenye 1.5. Kwenye ardhi ya namna hiyo maji ya kumwagilia na mbolea haviwezi kufuta kosa. Ilitakiwa itinduliwe kwa jino la buldoza kina cha sentimita 50 hadi 60, kwa kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko, wakati ardhi ni kavu ili ipasuke. Ikitinduliwa ikiwa mbichi, jino linapita kama kisu kwenye sabuni na ufa unajifunga nyuma yake.

SWALI: Eneo letu limeota vizuri isipokuwa vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu. Kila mwaka tunatia samadi na chokaa, nyasi zinachipua, baada ya miezi michache zinaungua kuanzia ncha. Udongo wake una madoa ya manjano kama binzari. Wakaguzi wanasema wastani wa eneo zima ni mzuri, tusijali. Tusijali kweli?

JIBU: Jalini sana. Madoa ya manjano na ya kutu, nyasi zinazochipua kisha zinakufa, na ukoko mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, ni dalili za mwamba wenye piriti, yale madini ya chuma na salfa yanayomeremeta kama dhahabu. Piriti ikikutana na hewa na maji inatengeneza asidi, na inaendelea kuitengeneza miaka na miaka. Mnachotia juu kinazima asidi ya leo tu, na ya kesho bado inapikwa.

Pimeni pH: gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa, mililita 50 za maji yasiyo na chumvi, mkoroge, muache nusu saa, msome. Ikiwa chini ya 4.5, alumini inayeyuka na kuunguza mizizi. Ikishuka chini ya 3.5, piriti ndiyo ya kwanza kushukiwa. Chukueni sampuli juu, sentimita 30, na sentimita 60, kwa sababu mara nyingi juu panasoma vizuri kwa ajili ya chokaa mliyotia huku asidi ikipanda kutoka chini kila kiangazi maji yanapovutwa juu.

Kisha peleka maabara wapime salfa iliyo kwenye piriti. Hesabu yake ni nyepesi na inatisha: kila asilimia moja ya salfa inahitaji kilo 31.25 za chokaa safi kwa kila tani ya udongo. Tabaka la sentimita 20 kwenye hekta moja lina uzito wa tani 2,600 hivi. Zidisheni, salfa ikiwa asilimia moja tu: ni zaidi ya tani 81 za chokaa kwa hekta. Kama mmekuwa mkitia tani mbili, kama anavyofanya mkulima wa mahindi, mmetia sehemu moja ya arobaini. Nyasi zenu hazikuwa na kosa.

Suluhisho la kudumu ni ama kuuchimba mwamba huo na kuuzika ndani kabisa mahali maji na hewa havifiki kirahisi, ama kuufunika kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na juu yake udongo mzuri wa kutosha, mita moja au zaidi, wenye nyasi za mizizi mifupi. Miti mikubwa isipandwe hapo. Mizizi yake hutoboa kifuniko, na mti ukiangushwa na upepo huondoka na udongo wote na kuacha shimo.

Kuhusu wastani: hapo ndipo tunapotofautiana na wakaguzi wenu. Mistari 11 iliyotandikwa kwenye hekta 40 inaweza kupita pembeni mwa vipande vyote vitatu, na hata ikikipata kimoja, asilimia nzuri za kwingine zitakimeza. Lakini korongo halianzi kwenye wastani. Linaanza pale palipo wazi, na maji yenye asidi yanatoka palepale. Kwa hiyo vipande vikavu vipimwe peke yake: zungukeni kila kimoja na GPS ya simu, andikeni eneo lake kwa mita za mraba na tarehe, mrudie mwaka ujao tarehe ileile. Kikipungua, ardhi inapona. Kikipanuka hata kidogo, msikubali maneno ya wastani.

SWALI: Kwetu Kwale kuna watu wanasifu mvinje kwamba ndio mti wa kurudisha machimbo. Lakini chini ya mivinje yetu kumejaa sindano kavu, yale majani yake membamba, unene wa kiganja, hakioti kitu. Je, huko ni kufaulu?

JIBU: Ni nusu ya safari, na nusu ya pili ina mfano karibu nanyi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, mahali palipobaki mwamba mtupu na maji ya chumvi karibu chini yake. Alijaribu aina 26. Tatu ndizo zilizosimama: mvinje, mnazi, na mti uitwao Conocarpus. Mvinje ulishinda kwa sababu unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani.

Kisha likaja tatizo lenu hilohilo. Sindano za mvinje zina tanini nyingi, bakteria hawazipendi, zikawa zinarundikana bila kuoza. Miti ilikuwepo, udongo haukuwepo. Aliyekuja kuwaokoa ni jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu. Alionekana akizila sindano hizo. Wakakusanywa wengi, wakaachiwa msituni. Jongoo anazitafuna, anaacha mavi, na mavi hayo yakichanganyika na vumbi la chokaa yakawa udongo wa kwanza. Ndipo miti mingine ikapata pa kushika, wakafuata ndege na wanyama, na leo mahali pale panajulikana kama Haller Park.

Basi ninyi pigeni magoti chini ya mvinje. Funueni zulia la sindano kwa mkono, tabaka kwa tabaka. Kama sindano za chini ni nzima kama za juu, zimekauka tu, na chini yake mnakutana na mchanga mweupe bila kitu katikati, hakuna kinachooza. Kama za chini zimevunjika, zimekuwa nyeusi, zina nyuzi nyeupe za ukungu na harufu ya msitu baada ya mvua, udongo umeanza. Pimeni tabaka hilo jeusi kwa rula katika sehemu 20 zilizochaguliwa bila kupendelea, mwandike milimita. Likiongezeka mwaka hadi mwaka, hilo ni fanikio hata kama juu hamjaona tofauti. Jongoo, mchwa na nyungunyungu wahesabiwe pia: fremu ya sentimita 50 kwa 50, asubuhi baada ya mvua.

Tahadhari kwa machimbo ya mchanga. Mchanga uliokwisha kuoshwa na kutolewa madini hauna mfinyanzi wala mboji, kwa hiyo unachuja maji na mbolea kama kung'uto. Hapo kabla ya kuwaza jongoo, mfinyanzi uliotenganishwa wakati wa kuchenjua urudishwe na kuchanganywa na mchanga. Miti pia ipunguzwe kwa awamu ili mwanga ufike chini. Mvinje uliosongamana hauachi nafasi kwa mrithi wake.

SWALI: Hapa Lubumbashi kuna udongo wenye shaba nyingi ambao zamani haukuota kitu. Sasa una nyasi na maua ya zambarau. Wamama wanataka kulima lengalenga (mchicha) hapo. Ni sawa?

JIBU: Hapana, isilimwe mboga hapo. Katika Katanga kuna mimea iliyozoea shaba tangu enzi, na mmoja wao, Haumaniastrum katangense, huitwa ua la shaba kwa sababu huota palipo na shaba. Kuonekana kwake kunatangaza kwamba shaba ipo. Haimaanishi kwamba imeondoka.

Nyasi kwenye udongo wa namna hiyo zina kazi moja njema: kushika vumbi lisipeperuke kwenye nyumba za watu na lisioshwe mtoni. Kazi hiyo pimeni kwa spoku na tepu kama tulivyoeleza juu, na ikifikia kiwango mseme imefaulu kwa kazi hiyo tu. Chakula ni jambo jingine. Mboga za majani kama lengalenga na sombe (majani ya muhogo) ndizo zinazobeba vumbi na metali nyingi kuliko mahindi. Hata malisho yana hatari, na kondoo huathirika na shaba haraka kuliko ng'ombe au mbuzi.

Mkipeleka majani maabara, yaoshwe kwanza mara tatu kwa maji safi. Hili si dogo: mimea kadhaa ya Katanga iliwahi kusifiwa kwamba inafyonza shaba kwa wingi wa ajabu, baadaye ikaonekana sehemu kubwa ya shaba ile ilikuwa vumbi lililoganda juu ya jani. Pelekeni fungu moja lililooshwa na moja lisilooshwa. La pili litawaonyesha kile ambacho mbuzi anakula.

SWALI: Baada ya miaka mingapi halmashauri inaweza kupokea ardhi na mwenye mgodi kurudishiwa dhamana yake? Niko Dodoma.

JIBU: Hapa kwetu majibu hutegemea mpango wa kufunga mgodi uliokubaliwa, kwa hiyo usomwe huo kwanza, hasa mahali palipoandikwa vigezo vya kukamilisha. Vigezo visipokuwa na namba, na mara nyingi havina, itabidi mjadiliane mapema, kabla mitambo haijaondoka.

Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani ya migodi ya makaa ya mawe ya mwaka 1977 inafundisha mengi. Mahali penye mvua zaidi ya inchi 26 kwa mwaka, yaani milimita 660 hivi, mwenye mgodi anawajibika kwa mimea miaka 5 kamili. Penye mvua hiyo au pungufu, ni miaka 10, kwa sababu ukame mmoja unaweza kufuta kazi ya miaka minne. Dodoma, yenye mvua chini ya milimita 600, ingeangukia kwenye 10. Na saa haianzi siku ya kupanda: inaanza baada ya mara ya mwisho kutia mbolea, kumwagilia au kupanda mbegu upya. Ukirudia, saa inarudi sifuri. Kwa miti, isiyopungua asilimia 80 ya ile inayohesabiwa lazima iwe imesimama pale kwa asilimia 60 ya kipindi hicho. Kwa hiyo ujanja wa kupanda miche wiki moja kabla ya ukaguzi haumfikishi mtu popote.

Kipimo chenyewe ni hiki: eneo lifikie asilimia 90 ya kiwango kilichowekwa, kwa uhakika wa asilimia 90. Tuseme eneo la kulinganishia limefunikwa 70. Asilimia 90 yake ni 63. Mmepima mistari 16 kwenye eneo la mgodi, wastani 66, mkengeuko 12. Inaonekana limepita. Lakini gawanyeni 12 kwa kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4, mnapata 3. Zidisheni kwa 1.34, mnapata 4. Toeni kwenye 66: ni 62, na kiwango kilikuwa 63. Bado. Msisaini mwaka huu.

Na kabla ya kusaini, ulizeni risiti za maji na mbolea za miaka miwili iliyopita. Eneo lililomwagiliwa hadi mwezi uliopita bado halijapimwa.

SWALI: Tuwafungie mbuzi hadi lini?

JIBU: Hadi nyasi zitoe mbegu, ziangushe, na miche ya mbegu hizo ivuke kiangazi kimoja, kwa kawaida ni misimu miwili kamili ya mvua. Kisha fanya hivi: shika kishungi cha nyasi kama mbuzi anavyoshika, vuta kwa nguvu ya mkono mmoja. Jaribu mara 50 sehemu mbalimbali. Majani yakikatika mkononi na shina likabaki ardhini, mizizi imeshika. Vishungi vikitoka na mizizi zaidi ya mara mbili au tatu, funga lango. Mkifungua, anzeni na ng'ombe wachache, mbuzi baadaye, na muwatoe nyasi zikibaki nusu ya kimo chake.